Pale Inapokwama Pete ya Rebeka

Jumanne, 2 Julai 2024

Siku ya nne ya ndoa! Leo mama muuza nyanya ameniita "mke wa mwalimu", nikageuka nyuma kumtafuta huyo mke. Kumbe ni mimi!

Shule zimefunguliwa jana. Sylvester ametoka asubuhi akarudi mara mbili. Mara ya kwanza alisahau kitabu cha mahudhurio. Mara ya pili hakusahau kitu. Alisimama tu mlangoni akitabasamu na ukungu nyuma yake. Nimecheka peke yangu mpaka maji ya chai yakakaukia.

Nimepanga zawadi. Masufuria manne, thermosi tatu, blanketi sita. Watu wa Mbulu wanaijua baridi yao. Kochi bado lina nailoni ya dukani, sitaki kuitoa.

Kwenye begi la shangazi kaja alilonipakia mama, chini kabisa, nimekuta jalada la Pete ya Rebeka! Jalada tu, CD yenyewe baba hawezi kuitoa. Rangi zimepauka, kona moja ya juu imeliwa na panya. Rebeka analia. Fundi Denis ana bandeji machoni. Pembeni kuna ghorofa refu ambalo halimo kwenye filamu kabisa. Nimeliweka juu ya kabati la vyombo, ubavuni mwa picha yetu ya harusi. Wamependeza wote wanne.

Alhamisi, 4 Julai

Ukungu haujatoka mpaka saa tano. Nimeosha vyombo huku naliangalia lile jalada, nikajikuta nipo Masakta, nina miaka tisa.

Baba alikuwa na kibanda umiza cha kuonyesha filamu. Cha kwanza kijijini kwetu. Kuta za miti, turubai juu, televisheni moja, deki moja, na jenereta nje linalonguruma kuliko filamu. Kiingilio cha watoto kilikuwa yai. Mama alikuwa mlangoni na beseni. Yai likiwa na ufa unakaa nyuma.

Filamu zilikuwa nyingi, lakini watu walitaka Pete ya Rebeka. Rebeka ni binti wa tajiri. Denis ni fundi magari. Baba yake Rebeka anamtuma mtu ammwagie Denis maji ya betri, Denis anapofuka. Naijua ilivyo mbovu! Kipofu anaangalia saa ukutani. Hospitali ina mapazia yale yale ya sebuleni kwa tajiri. Daktari anapotoa habari mbaya kuku anapita chini ya kitanda, na kibanda kizima tunapiga kelele: "Huyo!"

Mwishoni Rebeka analazimishwa kupanda basi aende kuolewa mbali. Denis anakuja na fimbo yake, ananyoosha mkono wenye pete — na hapo CD inakwama. Kila mara. Uso wa Rebeka unakuwa vimiraba. Baba alijaribu kuifuta kwa shati, kwa dawa ya meno, kwa ndizi. Wapi!

Na mayai mama alishayachemsha na kuwauzia watu mle mle. Hayarudishwi. Basi baba alizima televisheni, akasimama mbele, akakohoa mara mbili, akasema: "Msitoke. Mimi niliiona yote kule Arusha nilipoinunua." Halafu anatusimulia. Basi linapanda mlima, linazimika. Dereva hajui lina nini. Denis yuko chini anasikia mlio wake, anajua kwa sikio tu ugonjwa ulipo. Anapanda taratibu na fimbo. Anafungua boneti, anatengeneza kwa kupapasa. Rebeka anaiona ile mikono toka dirishani. Anashuka. Baba yake mwenyewe analia. Halafu wanahamia Hanang, wanalima mbaazi.

Watu wazima walifuta machozi. Hata Bura, kijana mkorofi kuliko wote, alikuwa anasema moshi wa jenereta umemwingia.

Jumapili, 7 Julai

Nimelia leo. Ndoa ina siku tisa!

Tumetoka kanisani vizuri, tumeshikana mikono mpaka getini. Nikapika wali. Mwalimu Loveness wa nyumba ya pili akaja kuomba chumvi, akaliona jalada.

"Heee! Na wewe mke wa mwalimu unaipenda hii? Si ndiyo mume wako aliichinja!"

Nikadhani anatania. Sylvester akainuka ghafla, akasema anakwenda kununua kiberiti. Kiberiti kilikuwa mezani, kimejaa.

Loveness akanionyesha kwenye simu. Ukurasa unaitwa Kalamu Nyekundu. Sylvester aliuanzisha akiwa chuo Dodoma, anasahihisha filamu za Kiswahili kama mitihani. Dhamira, wahusika, mandhari, halafu alama. Sikujua! Watu walimfuata kwa maelfu. Pete ya Rebeka: alama mbili kati ya kumi. "Moja ya kufika, moja ya kuku."

Na chini watu wanacheka, wanacheka. Mmoja kaandika anayeipenda hii apimwe akili.

Aya ya mwisho ilianza hivi: "Tahadhari, hapa nataja mwisho." Nikamrudishia Loveness simu yake kama sufuria la moto. Mwisho ninao. Sihitaji mwingine.

Jumatatu, 8 Julai

Sijaongea naye. Amekula makande ya jana baridi bila kulalamika. Ameosha na sahani.

Jumatano, 10 Julai

Tumepatana! Amerudi na maua ya alizeti, sijui shamba la nani.

Amekaa chini, siyo kwenye kochi. Akasema, "Hilaria, nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kuchekesha watu kulikuwa rahisi kuliko kupenda kitu." Nikamwambia wewe hukuwa na beseni la mayai, ndiyo maana. Nikamweleza kila kitu: kibanda, jenereta, baba anavyokohoa. Alisikiliza huku amefumba macho. Nilipofika kwenye mlima na basi akafumbua.

"Anatengeneza kwa kusikia?"

"Kwa kusikia."

Akageuka kulitazama jalada juu ya kabati. Halafu akaanza, "Sasa kwenye filamu yenyewe, mwishoni —" Nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Nikamwapisha asiniambie. Mimi wala mtu mwingine. Amekubali. Akanibusu kiganja pale pale kilipokuwa. Mwenzangu huyu!

Nampenda hata akinipa mbili kati ya kumi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeharibu. Mdomo wangu huu!

Nimempigia baba kumsalimia na kumwambia tutakuja wiki ijayo, maana sijarudi nyumbani tangu harusi. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, mahindi yamekauka, mama mzima. Nikawa na furaha, nikaropoka: baba, kumbe Sylvester anaijua Pete ya Rebeka! Aliiona mpaka mwisho!

 Nikadhani salio limekwisha.

Halafu akauliza polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama mwanafunzi anayeuliza matokeo: "Na yule fundi... macho yake yanapona?"



Hakuiona! Hakuiona kabisa! Arusha alinunua CD akaja nayo, basi. Mlima, boneti, mbaazi — vyote vilitoka kichwani mwake, amesimama mbele ya watu hamsini na mayai yao tumboni. Miaka yote hiyo amekuwa anatusimulia, na yeye mwenyewe anajiuliza.

Nikasema sijui baba, sijamuuliza. Akasema, "Haya. Atanieleza mwenyewe akija."

Sylvester nimemwambia. Amekaa ameshika kichwa. Nimemuuliza, mwisho wenyewe ni mbaya sana? Akasema, "Uliniapisha."

Ijumaa, 19 Julai

Kesho ndiyo safari. Nimefunga vitenge viwili vya mama, blanketi moja la baba na kilo tano za sukari. Suruali ya Sylvester nimeinyoosha mara tatu.

Mama amepiga jioni hii. Anasema baba ameshusha deki toka darini, ameifuta, ameazima mabenchi kanisani. Ameita watu wote wa zamani wa kibanda. Amewaambia mkwe ataisimulia filamu mpaka mwisho.

"Baba yako halali vizuri, mwanangu. Kwani kuna nini kwenye hiyo filamu?"

Nikamuuliza kama mahindi yameshavunwa. Sylvester alikuwa ananisikiliza, ana kalamu nyekundu mkononi, daftari la mtoto wa watu limefunguliwa ukurasa ule ule kwa nusu saa.

Nilimwomba awe mwongo. Akasema, "Mara yangu ya kwanza kuingia nyumbani kwa baba yako kama mkwe, niingie na uongo?" Nikamwomba basi aseme kweli. Akasema, "Mbele ya watu wote hao?"

Jumamosi, 20 Julai

Masakta! Naandika haraka, nimekaa juu ya gunia la mbaazi kwenye chumba changu cha zamani. Mlango nimeurudishia. Ni saa tisa mchana, watu wapo sebuleni wanakula.

Tumefika saa saba. Mlima Hanang wote ulikuwa wazi, hauna hata wingu. Sylvester amemwamkia kila mtu shikamoo, mpaka Bura, ambaye hawapishani hata miaka mitano. Bura akaitikia marahaba kwa sauti nzito, watu wakacheka. Baba amevaa koti la harusi yetu. Umeme umefika siku hizi, kwa hiyo lile jenereta limekuwa nyumba ya kuku. Nimechungulia: ana mayai manane.

Baba akawasha. Jamani, Rebeka! Picha imefifia lakini nguo zake nazikumbuka zote. Watu wenye mvi sasa, watoto wao magotini. Nilimwangalia Sylvester kuliko filamu. Kipofu alipoangalia saa hakucheka. Kuku alipopita sebule nzima ilipiga kelele "Huyo!" — na yeye! Alipiga kelele mpaka akasimama. Mama akanifinya mkono.

Basi. Fimbo. Mkono wenye pete. Vimiraba.

Baba akazima. Watu wakajiweka sawa, wengine walishaanza kutabasamu wakisubiri akohoe. Hakukohoa.

Akasema, "Leo sisemi mimi. Miaka yote mmesikiliza maneno yangu. Mwalimu ameiona yote. Mwalimu, tuambie."

Bura akadakia, "Mzee Sulle! Kwani wewe kule Arusha uliona nini?"

 Baba aliangalia viatu vyake. Sijawahi kumwona baba akiangalia viatu.

Mama ndiye aliyetuokoa. "Chakula kinapoa! Mwisho hauozi, nyama inaoza. Kuleni kwanza."

Nikakimbilia huku. Sylvester akanifuata. Ana jasho na baridi yote hii.

"Nisemeje, Hilaria?"

"Mwisho ni nini?"

Akanipa simu. "Soma. Umenitoa kwenye kiapo."

Nimesoma. Nanakili hapa kama alivyoandika:

"Mwisho? Haupo. Kipofu ananyoosha mkono, picha inakuwa nyeusi, maandishi yanatoka: Usikose sehemu ya pili. Nimetafuta sehemu ya pili Dodoma nzima, maduka yote, mpaka kwa anayezikodisha stendi. Haikutengenezwa. Wametunyima hata mwisho."

Nimeisoma mara mbili. Ile kona ya jalada iliyoliwa na panya — lazima ndipo palipoandikwa kwamba ni sehemu ya kwanza.

Haupo! Dunia nzima haupo, isipokuwa hapa, kwenye hii sebule, kwa baba yangu. Na baba hajui. Anadhani ameshika cha bandia miaka yote, na kile halisi kipo kwa watu wenye elimu.

Halafu nikaona neno moja. Nikamuuliza Sylvester, "Ulitafuta maduka yote?"

Akaona aibu. "Karibu yote."

"Filamu uliyoipa mbili?"

 Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa pamoja.

"Nikisema haupo," akasema, "Bura atajua kwamba baba alitunga. Atamcheka mpaka Katesh. Nikitunga mwingine, nimemwibia wake. Nisemeje?"

  Nilimshika kola, nikaiweka sawa, basi.

Ametoka sasa hivi. Nasikia sahani zinawekwa chini.

"Mwalimu, tumeshiba!" Huyo Bura.

Sylvester anasema pole pole, kama anavyosoma majina ya darasa:

"Baba, naomba radhi. Hilaria alinisifia sana. Mimi sikufika mwisho. CD yangu nayo ilikwama. Pale pale, kwenye mkono."

Watu wanaguna. Bura anasema, aa, mwalimu wa bure huyu! Wanacheka. Wanamcheka yeye.



Baba amefungua deki kwa bisibisi mara mia. Anajua CD kuliko mtu yeyote Masakta. Mchubuko ule ni wa CD yetu. CD mbili haziwezi kukwama pale pale. Lazima ameshajua kwamba mkwe wake anamwachia mwisho.

 

Kiti kimesogezwa. Ni cha baba, naujua mlio wake. Amesimama.

Amekohoa mara moja. Nasubiri ya pili.