Matundu ya Barakoa

3 Februari

Mwanangu,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Natumai pasi kubwa za kiwanda cha kufulia hazijakuunguza tena. Sisi tupo, tunasukuma siku. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sisikii vizuri. Kompresa ya gereji imenimaliza masikio.

Hospitali nimekwenda, ulivyong'ang'ania. Walinilaza na nyaya kuanzia kichwani hadi vidoleni. Asubuhi daktari akaniambia nikilala pumzi inakatika zaidi ya mara thelathini kwa saa. Koo linajifunga, mwili unashtuka, inarudi. Ndiyo maana nasinzia na spana mkononi. Akasema nipunguze kitambi na nisilale chali. Akataja kifaa cha kung'ata kinachovuta taya mbele, na upasuaji, ila kwa ukubwa wa tatizo langu anataka nianze na mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa. Nikamwambia miaka thelathini nimejaza magari upepo, leo zamu yangu. Hakucheka.

Mama yako kumbe hukesha. Pumzi ikikatika ananipiga kiwiko mpaka irudi. Miaka yote hiyo nilidhani ana hasira na mimi.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, mikono tu imechoka. Mashine ya daktari nimeinunua huku, nimempa mwenzangu wa zamu anayerudi nyumbani, ataileta mpaka gereji. Ivae kila unapolala, hata usingizi wa mchana.

Usinitanie kwa hili. Mama ana miaka sitini na moja. Mtu anayekesha akihesabu pumzi za mwenzake, ipo siku atatangulia yeye. Kama hutaki kwa ajili yako, vaa kwa ajili yake.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Habari za huko? Huku afya ni ya kuungaunga. Mashine ilifika, asante, ila usinune nikikwambia ukweli: walikuuzia kitu kibovu. Barakoa inavuja. Niliivaa, nikaweka kiganja mbele, upepo unapita kwenye vitundu vidogo kama vya sindano. Kiwanda kizima kilichoitengeneza hakina mtu wa kukagua pancha?

Nikaisugua kwa msasa, nikapaka gundi, nikabandika kiraka cha tyubu. Kazi safi, hata fundi mwenzangu aliisifu. Lakini tangu hapo naamka kichwa kinagonga na kifua kizito, kana kwamba nimelala ndani ya gunia. Siku ya nne nikairudisha kwenye boksi.  Mama yako alihamia upande wake wa kitanda akajiegemeza ukutani kukesha, kama zamani.

Baba yako

16 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa chini. Vitundu vile havivuji. Vimewekwa makusudi, ndimo hewa uliyokwisha kuipumua inamotokea. Ulipoviziba ukawa unaivuta ileile, ndiyo maana ya kichwa kugonga. Ungeweza kutudhuru sote, Baba, kwa ufundi wako.

Usijaribu kubandua. Itupe barakoa hiyo. Nimetuma nyingine. Ikifika, ipeleke kwanza hospitali wakuvalishe wenyewe, na usiiguse kwa gundi wala msasa.

Halafu Mama kanipigia. Kasema ulisinzia umeshika mpira wa kujazia upepo, tairi la lori likapasuka, rimu ikapita karibu na kichwa chako ikabomoa mlango. Barua nzima hukutaja mlango. Nimechoka, Baba. Kazi nimeizoea. Kinachonichosha ni kuogopa simu ikilia.

Binti yako

30 Mei

Shikamoo Baba,

Hujambo? Mama hajambo? Wiki sita hujajibu, na simu ya Mama inaita tu mchana kutwa, haipokelewi. Hata mstari mmoja utanitosha.

Binti yako

11 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na unisamehe. Mlango sikuutaja kwa aibu. Nikaona pia aibu kwenda hospitali kusema nimeziba pua yangu mwenyewe kwa kiraka, nikaahirisha wiki tatu. Nilipokwenda na barakoa mpya, muuguzi alinikazia mikanda, akaniambia nisikilize ule upepo na niuache upite. Ni kazi ngumu, mwanangu, kwa mtu wa gereji kusikia upepo unatoka akalala.

Lakini nimelala. Siku ishirini sasa. Ya kwanza Mama yako alinipiga kiwiko kwa mazoea, nikaamka bila sababu tukatazamana. Ya tatu akaacha. Tangu hapo amelala yeye. Analala usiku, anakunywa chai, anarudi kulala. Simu yake nimeizima mlio mimi, isimwamshe. Nilidhani anaumwa, nikamwita muuguzi yule. Akampima kila kitu, akasema hana ugonjwa, ni usingizi wa miaka.

Mimi naamka alfajiri macho makavu, sijui nifanye nini na nguvu zote hizi. Jana nilikaa nikamtazama usoni kwa mwanga wa dirisha. Amezeeka, mwanangu, na mimi sikuwepo kuona, nilikuwa nasinzia.

Sasa ni saa nne asubuhi na bado amelala. Gereji nimefunga. Wateja wakinifuata nyumbani nawaambia kwa mkono waende kwa mwingine.

Baba yako