Feni, Muhuri na Kura ya Majaribio

Jumatatu, 9 Juni
Fungu la pesa limeingia! Kura ya diwani ni Jumapili, na serikali ndiyo kwanza imetukumbuka. Masanduku mapya yanayoonyesha ndani, lakiri za kuyafungia, wino – na muhuri wa kituo, ambao nimekabidhiwa mimi kwa sahihi. Kura isiyogongwa muhuri huu ni karatasi ya kufungia karanga. Ukipotea, kibarua changu kimeota nyasi.

Pesa nyingine ni ya uchaguzi wa majaribio. Isipotumika inarudi. Msimamizi, bosi wetu, kasema hairudi hata senti, tutapigiana kura wenyewe. Kura ya nini? Mhasibu – tunamwita Mama Risiti – kadakia: ya feni. Imekuja moja tu, kwa pesa hizohizo. Ikae chumbani kwake au kwa dereva wetu, Kona? Basi, wagombea tumepata.

Jumanne, 10 Juni
Mambo yamekolea. Kona kabandika picha yake mlangoni: UPEPO KWA WOTE. Chumba chenyewe kinatosha mtu mmoja na tairi la akiba.

Mama Risiti kagawa biskuti. Eti ukarimu tu. Nimekula mbili, zilikuwa za krimu.

Jumatano, 11 Juni
Tumepiga kura, sote sita, mlinzi na mfagiaji wamo. Foleni, wino kidoleni, kila kitu. Mlinzi kamkagua Msimamizi mpaka soksi.

Kuhesabu tukaambiwa kesho, saa za kazi zimekwisha. Mwongozo unasema: vifaa vyote vya kituo vitiwe sandukuni, kisha lakiri. Nikatia vyote, nikafunga. Nimerudi nyumbani najiona mtu wa maana.

Alhamisi, 12 Juni
Muhuri! Nimeutia na muhuri! Nauona kabisa, umejilalia chini ya kura kama mgeni aliyeshiba.

Nikaomba tufungue. Kona kagoma – kaandika pingamizi. Biskuti ni rushwa, sanduku lisiguswe mpaka asikilizwe. Nikamwambia, kaka yangu, Jumapili watu wanapiga kura ya kweli, karatasi zao tutazigonga kwa kiatu? Kasema sheria ni msumeno. Nikamkimbilia Msimamizi, naye kasema Kona yuko sawa kabisa.

Muhuri mwingine kutoka makao makuu? Wiki mbili. Mume wangu kacheka mpaka kapaliwa. Nimeogopa kweli, wala sioni cha kuchekesha.

Ijumaa, 13 Juni
Kesi ya biskuti. Ushahidi: pakiti tupu. Mama Risiti kamuuliza Kona mbele ya watu, na wewe hukula? Kumbe kala nne. Kajitetea kwamba alikuwa akikusanya ushahidi.

Msimamizi kaenda kutafakari, hukumu kesho. Halafu simu – mkaguzi anakuja kesho hiyohiyo, aone pesa zimetumikaje.

Jumamosi, 14 Juni
Pingamizi limetupwa. Lakiri imekatwa. Nikaunyakua muhuri wangu kabla ya kitu kingine chochote, nikaukumbatia.

Mama Risiti, kura tatu. Kona, nne. Kona kaanza kucheza, kaiwahi feni na waya wake. Mlinzi ndiye aliyeuliza, polepole: tatu na nne? Mbona sisi ni sita?

Tukahesabu tena. Saba. Zote zina muhuri. Wakatazamana, halafu wote wakanigeukia mimi. Wallahi sijui. Nimegonga karatasi nilizoletewa, nani angehesabu kwa ajili ya feni?

Msimamizi kafungua mwongozo. Kura zikizidi watu, kila kilichokuwa sandukuni ni ushahidi. Kirudishwe, kipigwe lakiri, kisubiri uchunguzi. Nikauliza, hata muhuri? Hata muhuri, mama, tena muhuri hasa. Nikamkumbusha kwamba kesho alfajiri wananchi watapanga foleni pale nje. Kasema haki haina haraka.

Naandika haya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika mpini wa muhuri, na Msimamizi kashika upande wa pili. Mama Risiti kanishika kiuno, anavuta. Kona kamshika Msimamizi, na feni kwapani. Mlango umefunguliwa. Mtu mwenye mkoba kauliza kwa adabu kama hapa ndipo ofisi ya uchaguzi wa haki na salama.

Msimamizi kamwambia karibu sana. Hakuna aliyeachia.