Habu Tatu na Orodha ya Hitima

Shangani, Jumanne, baada ya magharibi

Ujuaji wangu huu! Kompyuta ina matundu mawili tu ya USB, nikachomeka habu, vile vigawio vya kuongeza matundu, moja kwenye nyingine, tatu mfululizo, ili printa, skana na diski vyote vipate pa kuingia. Dada yangu Somoe alinionya, "Huko mwisho umeme hautoshi." Nikamjibu, mbona taa inawaka.

Leo nilitaka kusikiliza sauti ya mama iliyomo kwenye diski, niliyemrekodi kabla hajafa akitaja marehemu wetu jina kwa jina, nimwandikie shehe orodha ya majina ya kurehemiwa kwenye hitima ya arobaini ya mama. Nilipowasha skana, diski ikalia tik, tik, ikazima. Haisomeki tena. Nakala nyingine sina.

Somoe hakunilaumu. Kachukua daftari, kasema, "Haya, tuanze na tunaowakumbuka."

Tumeandika mama. Tukaandika bibi. Mstari wa tatu ukabaki mtupu; waliobaki aliwajua mama peke yake.