Theluji ya Bulaya

Yaya Asumani, mukubwa wangu,

Jambo kwako na kwa batoto. Niko Fizi, huku juu mulimani, na niko na kasirani! Picha ya hii karte ya posta usiangalie, ni theluji ya Bulaya. Niliomba picha ya ziwa yetu, pale kwetu Baraka, muntu wa duka ya karte akacheka: "Nani anataka kuona Baraka?"

Na we pia uko na kosa! Tunapandaka Fizi tu wakati serikali inatuita, kichwa chini. Leo nilipanda na kitunga yangu ya ndagala, samaki zetu kidogo, nikageuka nyuma pa kona ya mwisho. Ziwa yote! Rasi ya Ubwari imelala ndani ya maji kama mamba yenye kuota jua. Nikamushukuru Mungu, kisha nikakukasirikia: ulipita hapa mara ngapi bila kuniambia?

Hii theluji washa nayo moto. Nakungojea na bugali. Panda, bila kuitwa.

Mudogo wako,
Zaina