Nani Anayemaliza Barafu ya Sanduku Langu?

Bibi Hosiana, mshauri wa gazeti,

Naomba msaada wako, lakini kwanza ujue kwamba mimi si mtu wa kulialia mbele ya watu, mimi ni Mwaija wa Kwaluguru, nimezaa saba na kuzika wawili, na barua hii anaiandika mwalimu Mhina kwa sababu mimi kalamu sikufundishwa, na nimemwamuru anisomee kila mstari mara mbili, kwa maana hata yeye simwamini sana.

Sasa sikiliza. Nakaa Kilole, hapa Korogwe, kwa mwanangu Mbaruku. Mbaruku alimpikia Mdachi mmoja wa shamba la mkonge miaka sita, na yule Mdachi aliporudi kwao akamwachia sanduku la barafu, la mbao nene, ndani limepigwa bati, juu lina kifuniko kizito na chini lina kitundu. Siku hizi Mbaruku anapika kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, na barafu ikija kwa gari la moshi kutoka Tanga, Jumatatu na Alhamisi, anapewa kipande akilete nyumbani kimefungwa kwenye gunia, kwa ajili ya maziwa ya ng'ombe ya mjukuu wangu Amne, ana miezi kumi, maana mama yake alishikwa na homa na maziwa yake mwenyewe yakapungua. Huyo mama ndiye Hamisa, mke wa mwanangu, mtu wa Vuga, na watu wa mlimani nawajua mimi, wanakuchekea huku mkono uko nyuma.

Mwanzo barafu ilikaa mpaka siku ya tatu. Lakini nikamwona Hamisa kila akitoka kwenye lile sanduku anafuta midomo, nikajiuliza, anafuta nini? Nikamwambia, "Wewe mwali, unakula barafu?" Akasema, "Mama, barafu ni muwa hata niitafune?" Jibu gani hilo la kumpa mkwe?

Basi nikaanza kulinda. Nikalivuta sanduku kutoka kivulini uani nikaliweka barazani, pale ninapokaa kusuka ukili, jua linapiga lakini macho yangu yanataka mwanga, na anayekwenda kuiba nimwone. Gunia nikalivua, nikalifua nikalianika, kwa maana barafu iliyofichwa utajuaje imepungua? Chombo cha maziwa nikakitia alama ya mkaa, nikawa nafunua naangalia, Hamisa akienda mtoni nafunua, akirudi nafunua, akipita tu na ndoo nafunua, na kila nikifunua barafu ni ndogo kuliko ilivyokuwa. Hapo nikajua mwizi yupo. Na maji yanayotoka kwenye kile kitundu alikuwa anayakinga kwenye bakuli anakwenda kuyamwaga nyuma ya nyumba, mbona nyuma, mbona peke yake? Nikakiziba kitundu kwa kitambaa. Maharage nayo nikiepua tu chungu nakitia humo humo kingali kinachemka, asije akadokoa.

Siku ya nne Amne akaharisha na kutapika mpaka macho yakaingia ndani. Nikamwambia Mbaruku, "Mkeo ana mkono mbaya, maziwa yanageuka akiyatazama tu."

Mbaruku akasema, "Mama, umemwona akifanya nini?"

"Mchawi huonekana?"

Siku mbili alikwenda kazini na kurudi kama kawaida. Ya tatu akampeleka Hamisa kwa baba yake, Mzee Semboja, na mtoto nikabaki naye mimi. Hamisa hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, maziwa ya Amne nani atayachemsha?" Nikamwambia hilo haliko kwako tena.

Sasa linakuja neno la aibu, na Mhina ameinua macho ananitazama, andika wewe! Tangu Hamisa aondoke ni siku tisa, na maziwa yanachacha vile vile, barafu inakwisha kabla ya adhuhuri, na mtoto jana ameharisha tena. Mbaruku sijamwambia. Maziwa mabovu nayamwaga akiwa kazini. Mzee Semboja ameleta neno kwamba atashuka mwezi ukiandama, na Mbaruku amesema siku hiyo atatoa talaka. Nijibu upesi: hiyo dawa aliyoiacha Hamisa ndani ya sanduku imefichwa wapi, kwenye bati au kwenye mbao? Na aje nani kuitoa?

Ni mimi Mwaija, Kilole.

*

Mwaija, bibi mwenzangu,

Pole kwa mjukuu. Pole hiyo ni ya Amne. Yako tutaitazama mwisho kama itabaki. Mimi pia ni bibi, na shule nimekaa mwaka mmoja na kidogo, lakini nimefanya kazi jikoni kwa Wazungu wa misheni miaka kumi na moja, na sanduku kama lako nililisugua kwa mikono hii. Mwenye gazeti nimemwambia akuletee jibu hili kwa gari la moshi kabla hajalichapa, maana mtoto anayeharisha hangoji gazeti.

Dawa ipo. Imo mikononi mwako. Hamisa yuko Vuga siku tisa, maziwa yanachacha Kilole. Anayefunua kifuniko ni nani? Umelisema jibu kwa kinywa chako, umemfanya Mhina aliandike, halafu unaniuliza mbao au bati!

Kila ukifunua, joto linaingia na baridi inatoka. Mwizi wa barafu yako ni jua la barazani na mkono wako wa kuchungulia. Lile gunia ndiyo nguo yake, wewe ukaivua. Chungu cha moto ukakilaza pamoja na barafu, ulitaka waelewane? Na kitundu ulichokiziba kimewekwa ili maji machafu yatoke; yakakosa njia, yakapanda mpaka kwenye maziwa ya mtoto. Hamisa alikuwa anayamwaga. Kosa lake ni usafi.

Wewe ni mtu wa Kwaluguru. Kibuyu cha maziwa unakiosha na kukifukiza kabla hujakitumia, hakuna aliyekufundisha kwa kitabu. Sanduku umelisugua lini? Barua yako ndefu lakini hilo sikuliona.

Basi fanya hivi, leo. Maziwa yaliyomo mwaga yote, usionje. Amne mpe maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo kwa kijiko, mara nyingi, na uji mwepesi. Macho yakizidi kuingia ndani au akikataa kunywa, mbebe umpeleke kwa mganga wa hospitali, usingoje Mbaruku atoke kazini. Sanduku toa kila kitu, lisugue kwa maji ya moto na magadi, pembe zote na kile kitundu, lianike wazi mpaka likauke, kisha lirudishe kivulini. Barafu ivae gunia lake. Maziwa yachemshwe, yapoe kabisa, yafunikwe, ndipo yaingie, na nyama mbichi isikae juu yake. Kifuniko kifunuliwe asubuhi na jioni, ukijua unataka nini kabla hujakigusa. Bakuli la chini limwagwe kila siku. Na barafu ikiisha, hilo ni kabati tu la mbao, usiliamini.

Sasa lako. Mimi nina shaka na wewe, nitaisema. Kama ungekuwa unaogopa uchawi kweli, siku maziwa yalipochacha na Hamisa hayupo ungepiga kelele mtaa mzima. Hukupiga. Ulimwaga kwa siri. Ulijua, Mwaija, au ulianza kujua, ukaona afadhali mwanao amwache mkewe kuliko akuone umekosea. Uzee huo si heshima, ni ukaidi wenye mvi.

Mwambie Mbaruku jioni ya leo, kabla hajala. Usizungushe. Halafu mtoto akipata nguvu panda gari la moshi mpaka Mombo, upande mlima, na Amne mgongoni akanyonye kwa mama yake, hata yakiwa machache. Usimtume Mbaruku akuombee radhi, na usingoje Mzee Semboja ashuke. Umkute kwake. Akikufokea, kaa chini umsikilize mpaka amalize, kisha mbele yake umwambie Hamisa: "Maziwa yaliharibika mikononi mwangu, nikakusingizia wewe." Maneno ni hayo, usiyapunguze, wala usitie "lakini" mwisho wake.

Ukiona huwezi, usiniandikie mimi tena. Mtafutie Amne maneno, maana atakua, na siku atakapouliza mama yake aliondolewa kwa kosa gani, atakuuliza wewe.

Bibi Hosiana