Wiki Nne za Mwanaharusi

Zahanatini, ng'ambo ya Salale
3 Juni

Kwa kaka yangu Tamimu,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute huko Mtwara ukiwa mzima wa mwili, maana uzima wa moyo sina uso wa kukuuliza. Kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya msiba kimepoa? Sisi huku tupo. Mama magoti yanamsumbua, lakini anakwenda mwenyewe kuamia ndege kwenye mpunga, na ukimkataza anakununia siku mbili. Mwanao Swaumu hajambo. Amejua kuhesabu mpaka ishirini, ila kumi na saba huiruka, na ukimrekebisha anakwambia hiyo haipo. Mkeo yuko kwao Mtawanya bado. Habari zake nitakupa mbele, kwani juzi nilimfuata.

Utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu mwezi huu, na kila ulipopokea niliishia kukuuliza habari za mvua. Ndiyo maana nimeandika, nitampa Mudy anayepanda basi kesho, nimsihi akukabidhi mkononi.

Kaka, unakumbuka nilivyofurahi nilipopewa kazi ya kutunza kumbukumbu hapa zahanati. Mimi si muuguzi, kazi yangu ni kuandika tu, na tangu mwaka jana naandika kwenye laptopu. Chombo hicho kilikuwa na ugonjwa wake. Ukikifunika kinalala, na ukikiamsha saa yake inakuwa imebaki nyuma. Mwanzo ilikuwa dakika, kisha masaa. Nilidhani ni majira yamekaa vibaya, nikayaweka ya Afrika Mashariki, kesho yake ikarudi kosa lilelile. Ikafika mahali taarifa za mwezi zinakataa kwenda, zinasema saa yako hailingani na ya huko makao makuu.

Nikampigia fundi Zahir, yule mwenye duka la vifaa vya ofisi pale Kibiti. Alinieleza kwa uvumilivu kwamba ndani ya laptopu mna betri ndogo kama ya saa ya mkononi, na kazi yake ni kushika saa wakati mwili mzima umelala. Hiyo imechoka, akasema, niipeleke abadilishe. Kwa sasa nisiilaze, niwe naizima kabisa, na kila nikiiwasha nilinganishe saa na tarehe na za simu yangu kabla sijagusa kitu kingine. Niliyaandika maneno yake kwenye karatasi nikayabandika juu ya kifuniko. Kuipeleka Kibiti nikaahirisha, leo mvua, kesho hakuna boti.

Masika yalipokolea, umeme wa jua hapa zahanati ukafa. Laptopu ilikuwa imelala, betri ikaishia usingizini, nikaitia kabatini. Kwa wiki nne tuliandika kwenye daftari. Umeme ulitengenezwa Alhamisi, na Alhamisi hiyo hiyo asubuhi mkeo Mwanaharusi alikuja kliniki.

Alikuja kuuliza jambo moja. Unajua Swaumu alizaliwa kwa kupasuliwa, na Sista Faraja, muuguzi wetu, alikuwa amemwonya kwamba safari hii awe Kibiti, karibu na hospitali, tangu wiki ya thelathini na saba, kwa sababu kovu lile halistahimili uchungu. Kadi yake ililowa kwenye mtumbwi, wino wote ukachuruzika, ikabaki karatasi ya buluu. Sista Faraja alikuwa mafunzoni, atarudi Jumatatu. Kwa hiyo hesabu ya mimba ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye laptopu yangu. Programu yenyewe huzihesabu wiki kwa kuitazama tarehe ya leo.

Mkeo aliniambia kwamba kwa hesabu yake ya miezi ya mbalamwezi siku zimeshatimia, na kwamba anataka kuondoka kwa boti maji yakijaa alasiri. Nikafungua jina lake. Pameandikwa wiki thelathini na nne. Nikamwambia bado wiki tatu nzima kabla hata ya kufunga mzigo. Akasema, kwa upole wake ule unaoujua, kwamba tumbo limeshashuka. Benchi lilikuwa limejaa wanawake. Nikacheka, kaka. Nikamwambia mbele yao, "Wifi, mwezi hufunikwa na mawingu, kompyuta haisahau." Wakacheka nao. Mkeo akatabasamu, akafunga kanga yake, akarudi nyumbani.

Yaliyofuata unayajua, lakini unayajua kama ulivyosimuliwa. Uchungu ulimshika Jumapili alfajiri, maji yakiwa yamejaa. Hapo ndipo angepelekwa. Lakini mama na wanawake wa jirani walimwambia atulie, si uchungu wa kweli huo, Semeni wa zahanati amesema bado. Wakamchua mgongo, wakampa uji. Walipoona damu ilikuwa saa tatu, ndipo wakatuma mtu kwa Shaabani mwenye boti.

Shaabani alikuja mbio na shati mkononi. Nilikuwepo. Hakulala, hakuwa akitengeneza nyavu, hakungoja mafuta kama walivyokwambia. Boti iliondoka upesi kuliko nilivyopata kuiona ikiondoka. Lakini maji yalikuwa yanakupwa, na kwenye kile kijito chembamba kabla ya kufika Nyamisati boti ikakaa juu ya tope. Shaabani akashuka, tope likamfika kiunoni, akasukuma mpaka mikono ikachanika kwa chaza wa kwenye mizizi ya mikoko. Mimi nilimshika mkeo kichwa. Tulikaa pale kutoka saa tano mpaka saa tisa. Alikuwa akiniuliza kama mtoto bado anacheza, na mimi nikawa namjibu ndiyo.

Hospitali walifanya kila lililowezekana. Mtoto alikuwa ameshakufa. Kizazi kilikuwa kimepasuka, wakakitoa ili mama yake abaki.

Wewe ulikuja ukamzika mwanao. Wakakwambia Shaabani alichelewa, nawe ukasema mbele ya watu kwamba salamu yake huitaki mpaka kiyama, mtu mliyekwenda naye jandoni. Ukaomba kijiji kimnyang'anye boti, wakamnyang'anya. Hakujitetea. Siku hizi anakata kuni za mikoko iliyoanguka, na watoto wakimwona wanamzomea. Nilisimama nyuma yako uliposema maneno yale. Nilikuwa nimeshika birika la maji ya kunawa, na sikufungua kinywa.

Sasa nikwambie.

Tarehe ilikuwa imekosewa. Laptopu ilipoamka Alhamisi ile ilidhani bado ni siku ile ile iliyolala, wiki nne nyuma. Mimba ya mkeo ilikuwa na wiki thelathini na nane. Karatasi ya fundi Zahir ilikuwa mbele ya macho yangu, nami asubuhi ile niliona saa imekosea, nikasema nitaipanga wagonjwa wakipungua, kwa kuwa ukigusa saa programu hujifunga na kujifungua tena polepole, na benchi lilikuwa limejaa.

Kama ingeishia hapo, ningeweza kusema nilikosea, kila mtu hukosea. Haikuishia hapo. Nilipomaliza wagonjwa niliipanga saa, nikaipanga na tarehe, kama nilivyoelekezwa. Kisha nikafungua jina la Mwanaharusi. Nikaona thelathini na nane. Nilijua, kaka. Alhamisi ile ile nilijua.

Kutoka zahanati hadi kwenu ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Nilinyanyuka nikafika mlangoni. Nikawaza nitakavyosema mbele ya mama na majirani kwamba mwezi wa mbalamwezi ulikuwa sahihi na mimi niliyecheka nilikuwa mjinga. Nikarudi nikakaa. Nikajiambia Sista Faraja anarudi Jumatatu, atamtazama mwenyewe, atasema yeye, na hakuna atakayejua. Ijumaa nilimwona mkeo kisimani, akanisalimu, nikamsalimu. Jumamosi nikampelekea kamba wawili watatu wa kukaanga. Nilikula naye.

Laptopu nimeipeleka kwa Zahir baada ya msiba. Aliifungua na kuibadili betri ile muda wa mtu kunywa chai. Sasa ikilala ikiamka saa ni sahihi. Naitazama kila asubuhi, natamani ikosee.

Sista Faraja nimemwambia jana. Hakunigombeza, alifunga mlango wa chumba chake tu. Ijumaa baada ya swala nitasimama mbele ya kijiji niyaseme haya mbele ya Shaabani, wamrudishie boti yake. Mama bado hajui.

Juzi nilikwenda Mtawanya. Mwanaharusi alikuwa anachambua kunde ukumbini. Nikakaa chini nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe, bila kuacha hata wale kamba. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, Alhamisi ile nilipojua ilikuwa saa ngapi. Nikamjibu saa kumi, alasiri. Akatikisa ungo, akapuliza makapi, akasema, "Saa kumi maji yalikuwa yamejaa tele."

Kaka, sikuombi msamaha, sijui hata niuombe kwa mlango gani. Nakuomba ukishaisoma barua hii umpigie Shaabani kwanza. Mimi usinipigie mpaka utakapoweza, na usipoweza nitaelewa. Swaumu anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mama anakusalimu sana na anakuombea kila swala. Wasalimie ulio nao huko kazini. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe subira ambayo mimi nimekunyima.

Ni mimi mdogo wako,
Semeni