Shamba Lako Kwenye Njia ya Viboko

Wifi yangu Riziki,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Tulipokuzika nilisema mbele ya watu kwamba nitakuandikia, kwa kuwa macho yangu hayakuzoea kulia na mkono wangu umezoea kuandika. Mvua zikapita, kiangazi kikapita, mvua zikarudi. Kila nilipoketi, neno la kwanza lilikuwa jina lako, na baada ya jina lako sikuliona la pili. Leo nimeliona, kwa sababu nina shida, na wewe ndiye niliyezoea kumpelekea shida zangu huku nikijifanya nimekuja kuomba chumvi.

Nianze na habari za nyumbani. Ua wetu bado ni mmoja. Mlango wako naufungua kila asubuhi ili hewa ipite, naufunga jua linapozama nyuma ya milima. Yule mama wa Rurambo, kule milimani, bado huteremka na maziwa siku za soko, na bado hunimiminia vikombe viwili kabla hajakumbuka. Simrekebishi. Nakunywa cha kwanza, na cha pili nakiacha kigande.

Asubuhi za huku zimekuwa za ajabu, wifi. Ukungu hutoka ziwani ukapanda hadi kwenye mashamba, na matete huonekana yakielea kana kwamba hayana mizizi. Milima ya Burundi, ng'ambo, hupotea kabisa, kisha hurudi vipande vipande, kilele kwanza. Katika ukungu huo sisadiki macho yangu. Juzi nilikuona umeinama karibu na maji, kitenge umekifunga juu ya magoti, unachuma. Nikakohoa, kama nilivyozoea, ili usishtuke. Ukainuka. Ukakunjua mabawa, ukawa korongo, ukaruka kuelekea mdomo wa mto Ruzizi bila kunitazama.

Naam, korongo. Wamerudi, na hilo ndilo jambo kubwa lililobadilika.

Unakikumbuka kiwanda cha sabuni kilichopakana na mashamba yetu, na povu lake lililoteremka kwenye mfereji likatanda ziwani kama kitambaa cha altare. Mimi nilikasirika, wewe ulicheka: "Wifi, ona, ziwa iko nanawa." Kiwanda kile sasa kina direkta mpya wa kukisimamia, mtu wa makamo, mpole, aliyetokea Bukavu. Amechimba bwawa kubwa ambamo maji machafu hutulia na kusafika kabla hayajafika ziwani, akapanda mafunjo pande zote. Povu likaisha. Wakaja vyura. Baada ya vyura wakaja kulastara, na baada yao korongo wenye taji, wakitembea ukingoni mwa bwawa kama wageni wa arusi wasiojua waketi wapi. Nimeishi karibu na kiwanda kile tangu nilipokuwa mwalimu kijana, na sikuwahi kujua kwamba kimya cha jioni zetu kilikuwa kimya cha vyura waliokufa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini direkta, kwa wema wake, alifanya kosa. Pembeni mwa bwawa alipanda nyasi laini, zile wenyewe huziita pelusi, ili wafanyakazi wapumzike saa sita. Kiangazi chote akazimwagilia maji. Milima ilikauka, bonde lilikauka, majani ya ufuoni yakawa kama nyuzi za gunia. Kijani kilibaki mahali pamoja tu, kwa direkta. Mtoto yeyote wa ufuo huu angalimwambia kwamba ukimwandalia kiboko meza, atakuja na ukoo wake. Lakini hakuuliza, na sisi tulikuwa tumelewa sauti za vyura.

Wakaja. Siku za kwanza direkta alifurahi, akawapiga picha. Walipoigeuza pelusi yake kuwa tope, akaizungushia waya na kuweka taa kali. Viboko wakageuka. Na ukigeuka pale, Riziki, unaingia kwenye mashamba yetu.

Mama Sifa, jirani yako wa upande wa mfereji, alipoteza kabichi zake zote. Alisimama katikati ya shamba, mikono kichwani, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, bila kusahihisha: "Mashu yangu yote! Na ameniachia mavi juu yake, kama vile kusema merci!" Wanawake walicheka hadi wakaketi chini, na yeye mwenyewe akacheka, kisha akalia. Kabichi zile zilikuwa karo ya shule ya wajukuu.

Shamba lako walilipita tu. Asubuhi nilikuta nyayo zao katikati ya mboga zako za lengalenga, mstari mmoja, kila unyayo umejaa maji, na katika kila kijibwawa kulikuwa na kipande cha mbingu. Nilisimama hapo nikatazama mawingu yakipita kutoka unyayo hadi unyayo. Nilijua ni uharibifu. Lakini nilihisi kana kwamba kuna mtu aliyeandika kitu ardhini na mimi, mwalimu, sikuweza kukisoma.

Baadaye mambo yakawa mazito. Viboko walianza kupotea njia na kutokea barabarani alfajiri. Watoto wa shule walikutana na mmoja karibu na daraja. Wakajilaza mferejini, madaftari vifuani, mpaka akapita. Hakuna aliyeumia. Lakini sote tuliwaona walivyofika shuleni, tope mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba siku nyingine haitakuwa hivyo.

Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, akatuita kwenye baraza ya kanisa. Direkta alikuja, akaketi kwenye benchi pamoja na sisi, si kwenye kiti. Mambo yaliyowekwa mbele yetu ni mawili. La kwanza ni ukuta wa matofali kutoka kiwandani hadi ziwani. Mashamba yatapona, lakini viboko watasukumwa upande wa nyumba na barabara. La pili ni kuwaachia njia: ukanda mpana kutoka kwenye matete hadi kwenye mbuga ya zamani nyuma ya kiwanda, ambako nyasi huota zenyewe. Ndani ya ukanda huo hakuna atakayelima, kuchoma matete wala kujenga. Korongo nao watapata pa kutagia. Walio na mashamba hapo watahamishiwa upande mkavu, na kiwanda kitawachimbia mfereji wa maji.

Nilisimama. Nilimwambia direkta kwamba aliyeandaa meza ndiye wa kwanza kuondoa sahani: aitoe waya yake, azime taa zinazotazama ziwa, na bohari ambayo tumesikia anataka kuijenga kwenye mbuga aijenge kwingine. Nilidhani atabisha. Akainama kidogo, akasema, "Ni haki, mama. Nitafanya hivyo, kama ninyi mtakubali upande wenu." Kisha nikawageukia wenzangu nikawaambia kwamba nasi tumekata na kuchoma matete kila kiangazi ili kuongeza mistari ya mihogo, na kwamba viboko hawakuja kwetu, sisi ndio tuliowafuata hadi mlangoni kwao. Hapo palikuwa na manung'uniko. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Madame anatugronda hata leo!" Watu wakacheka, kwa kuwa nusu ya baraza ile niliikaripia darasani.

Lakini Mama Sifa hakucheka. Aliniuliza, "Na shamba ya Riziki?"

Shamba lako liko katikati, wifi. Ukilitoa, ukanda unapita. Ukilibakiza, hakuna njia, kuna vipande viwili visivyokutana. Wanawake wote wakasema kwamba mimi niseme kwanza. Nikitoa, watatoa, nikikataa, ukuta ujengwe. Wamenipa mpaka Jumapili, baada ya ibada.

Unaijua desturi yetu, kwa sababu wewe mwenyewe uliitimiza mama yangu alipofariki. Shamba la marehemu hulimwa na wifi au mkwe mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo mavuno ya mwisho hupikwa katika chungu kimoja, wote waliolia hula pamoja, na tangu hapo ardhi inakuwa huru. Kabla ya hapo haigawiwi wala haibadilishwi kazi, kwa kuwa marehemu anahesabiwa bado yumo shambani.

Na matanga yako hatujayaondoa. Mwanzoni sababu ilikuwa binti yako Neema. Alikuwa mjini Baraka, na barabara ya Fizi ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kama mlango wenye upepo. Tukamsubiri. Barabara ilipotulia akanipigia simu: "Shangazi, nije sasa?" Nikamwambia mahindi hayajakomaa. Alipopiga tena nikamwambia tusubiri maharage. Yalikuwa kweli. Mahindi hayakuwa yamekomaa, maana nilikuwa nimepanda mengine. Kila mstari unapokaribia kuisha, napanda mwingine kando yake. Lengalenga zinapotoa maua, zangu changa tayari zina majani. Mavuno ya mwisho hayafiki, Riziki, kwa sababu siyaachi yafike.

Nilidhani hakuna anayeona. Pale barazani Mama Sifa alinitazama, na akasema taratibu, kwa upole ambao sikumjua nao: "Madame, ile mboga ya Riziki iko ya namna gani? Haiishe?"

Nilitoka barazani nikaenda moja kwa moja shambani kwako.

Ni wewe tu utakayeelewa kwa nini. Kaburini mimi sikukuti. Pale pana msalaba na jina, na jina limepakwa rangi vibaya. Wewe nakukuta pale unaposikika udongo ukikatika chini ya jembe. Hapo nasikia tena kicheko chako nilipokuwa nikiwafundisha wanawake kusoma, chini ya paa la matete, nawe ukipita na kikapu ukiniambia: "Wifi, weye unasemaka kama vile Biblia ingekuwa na miguu!" Hapo bado unanitania. Kwingine kote watu huniheshimu tu, na heshima, wifi, ni chakula kisicho na chumvi.

Usiku wa kuamkia leo nimeota. Ukanda ulikuwa umeshafunguliwa. Hapakuwa na waya, hapakuwa na mistari, palikuwa na matete marefu yaliyofunga juu kama paa la kanisa, na ndani yake njia laini, yenye unyevu, imekanyagwa na wengi. Wewe ulikuwa ukitembea mbele, kikapu kichwani, na nyuma yako viboko, mama na watoto wao, polepole, bila haraka ya kufika. Nilitaka kukuita. Nikaona kwamba hukuwa umepotea wala hukuwa ukinikimbia. Ulikuwa unapita tu, kama mtu apitaye kwake. Nilipoamka mto wangu ulikuwa umelowa, na nje ndege walikuwa wameshaanza.

Sisemi kwamba ndoto imeniamuru. Nilifundisha watoto wasiongozwe na ndoto. Na yapo ya kuogopa: upande mkavu ni mkavu kweli, mfereji ulioahidiwa bado haujachimbwa, na direkta mpole anaweza kuhamishwa kesho akaja mwingine asiye mpole. Mama Sifa ana wajukuu. Nikisema "tutoe", nao wakalala njaa, njaa hiyo itakuwa na jina langu. Nikisema "tusitoe", na siku moja mtoto asiwahi kuingia mferejini, hilo nalo litakuwa na jina langu. Nimetaka direkta aahidi mbele ya kanisa zima kwamba maji yatatangulia kufika ndipo sisi tuhame. Bado sijapata jibu lake.

Lakini jambo moja nimeliamua, na hilo halihitaji baraza. Jana nilimpigia Neema. Nikamwambia, "Njoo, mwanangu, yamekomaa." Alilia, kisha akaniuliza alete samaki wa Makobola, kijijini kwa bibi yake, wale uliowapenda. Anafika Jumamosi. Tutachuma kila kitu, hata zile changa, tutapika katika chungu kimoja, na nimewaambia wanawake wote waje na sahani. Wiki hii sikupanda. Mbegu zilikuwa mkononi mwangu asubuhi hii, nimezirudisha katika kopo lake, nikalifunika.

Kwa hiyo Jumapili, lolote nitakalosema, sitasema nikiwa nimekushika nguo. Utakuwa umekula pamoja nasi, utakuwa umeagwa. Kwaheri, wifi yangu. Kwaheri, Riziki, mke wa marehemu kaka yangu, mwenzangu wa ua mmoja. Mungu akulaze mahali penye maji.

Baraza likishaamua, iwe njia au iwe ukuta, nitakuandikia siku ileile, kabla sijavua viatu vya kanisani.

Wifi yako,
Mwalimu